Aliyejiita Wa Juu

Jumatatu, 2 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili kwa sharti moja: kila nikishuku jambo niliandike humu kwanza, na likibaki na maana baada ya siku mbili ndipo nimwambie. Anasema masikio yake yamekuwa jalala la dhana zangu tangu tuoane. Yeye ni muuguzi, anatoka zamu miguu imevimba, anataka chai. Hataki kusikia kwamba jirani amehamisha pipa la taka kwa nia mbaya.

Sawa, naanza. Jirani amehamisha pipa la taka kwa nia mbaya.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Wateja wawili, wote wa kubadilisha vioo. Sijashuku kitu.

Alhamisi, 5 Machi

Imenyesha tangu asubuhi, lakini Baraza la Ndoo halijawahi kuahirishwa kwa sababu ya maji. Kwa atakayeokota daftari hili siku moja, Baraza la Ndoo ni sisi wapenzi wa *Hapa Pana Watu*, ule mchezo wa kuchekesha uliokuwa kwenye televisheni kila Alhamisi saa moja na nusu jioni, enzi ambazo televisheni za mtaa mzima ulizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyumba moja, wapangaji tele, na Bi Funguo mwenye nyumba, aliyetembea na funguo kiunoni ili kila mtu ajue anakuja. Kanda zake kituo kilizifuta zamani kikarekodia mambo mengine, kwa hiyo mchezo wote uliobaki duniani umo vichwani mwetu. Ndiyo maana tunakutana. Mimi ni fundi miwani. Saa kumi na moja jioni nafunga duka, navuta viti, tunaanza kubishana. Saa ya ukutani kwa Bi Funguo ilikuwa imesimama, sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mlango wa jikoni ulifunguka kwa ndani wiki hii, kwa nje wiki ijayo. Wale mapacha wenye suti moja hawakuwa mapacha, hata ndugu hawakuwa. Yule mwembamba alikuwa shemeji wa mnene. Mtu akitusikia atatucheka, na acheke.

Tunayembishania zaidi ni Wa Juu, mpangaji wa ghorofani. Hakuonekana hata mara moja. Ilishuka sauti tu kutoka juu ya ngazi, "Nani kagusa ndoo yangu?", na nyumba nzima ikakimbia kujificha. Kwa nini alikuwa na ndoo, ndoo ya nini, hatukuambiwa. Jina la mwenye sauti halikuandikwa mwishoni pamoja na wengine. Mwalimu wa hesabu, mstaafu, anaamini alikuwa mwongozaji mwenyewe. Mama Mapazia, muuza mapazia wa duka la pili kutoka langu, anaamini alikuwa mwanamke.

Tuna kanuni moja, niliitunga mimi: mgeni hakai kitini mpaka asimulie alikuwa akiangalia wapi, na nani, na sehemu gani ilimvunja mbavu. Inachuja watu.

Leo alikuja mzee mmoja kukaza mkono wa miwani, akanaswa na mvua. Alivaa koti zito la sufu, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, na jasho linamtoka. Nikamwambia asimulie apate kiti.

"Mimi sikuwahi kuuangalia," akasema.

"Baba, ulikuwa unaishi wapi, mwezini?" akauliza Mama Mapazia.

Tulicheka sana. Kanuni ni kanuni, akasimama mlangoni mpaka mvua ilipopungua. Mama yangu, ambaye siku hizi huja kukaa pembeni na ufumaji wake, alinyanyuka akamwazima mwavuli wetu wa mpini wa mbao. Nashuku hatutauona tena.

Jumamosi, 7 Machi

Mwavuli umerudi. Lakini umerudishwa nyumbani, si dukani. Nani kamwonyesha nyumbani?

Jumatatu, 9 Machi

Nimemuuliza mama. "Nilimwonyesha mimi," akasema, na kurudi kwenye vitunguu vyake.

Niandike wazi hali ilivyo, ili ushahidi uwepo. Nyumba hii baba aliijenga, na baba alipofariki ilibaki kwa mama. Mimi na mke wangu tunakaa naye. Mtoto ni mimi peke yangu. Tangu msiba, mama amekuwa mtu wa kujibu "ndiyo" na "hapana" na kuzima taa mapema. Mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne, karibu na barabara, paa bado jipya. Mtu mwenye nia yake hahitaji darubini.

Alhamisi, 12 Machi

Baraza. Tumebishana jioni nzima kuhusu sehemu ya sofa: sofa lilinasa mlangoni, na watu wakaishi nalo hapohapo, wakila juu yake, wakilala juu yake. Mwalimu anasema lilikuwa la kijani. Nimemwambia, televisheni zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe. Akasema alilihisi kijani.

Jumanne, 17 Machi

Nimefika nyumbani mchana kuchukua nyundo ndogo. Jikoni kuna vikombe viwili vya chai, vyote vina moto. Mama yuko peke yake. Mlango wa nyuma umeachwa wazi, na mvua inaingia.

"Nilikuwa na kiu," mama akasema.

Machale yamenicheza.

Alhamisi, 19 Machi

Nina mengi ya kuandika.

Saa kumi na moja tulikuwa tumekaa, mama akaingia, na nyuma yake yule mzee wa koti. Nimeshampa jina la Bwana Koti. Nikasema kwa upole, upole wa dukani, kwamba kanuni bado ipo. Akavua kofia.

"Siku ile nilisema kweli. Sikuuangalia," akasema. "Nisingeweza. Nilikuwa ndani yake."

Mama Mapazia akaweka sindano mezani.

"Mimi ndiye Wa Juu."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Mwalimu, aliyeinuka na kumpa kiti chake mwenyewe. Wakamzunguka kama bwana harusi. Mimi nilibaki nyuma ya meza yangu, nikauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: mbona siku ya kwanza hakusema?

"Siku ya kwanza sikuulizwa nilifanya nini, fundi. Niliulizwa niliangalia wapi."

Jibu limenyooka mno. Mtu asiye na la kuficha huwa anababaika kidogo. Halafu wakamwomba aseme lile neno. Akakohoa, akaangalia dari. "Nani kagusa ndoo yangu?" Sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Mama Mapazia akasema uzee umeila sauti, akapangusa machozi. Watu wazima hawa!

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameinama juu ya ufumaji wake, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Miaka mitatu sijamwona mama yangu akicheka, na imebidi nione kwa sababu ya tapeli.

Ijumaa, 20 Machi

Siku mbili zilikuwa hazijaisha lakini nilimwambia mke wangu. Akasema, "Mama amecheka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mshukuru tapeli," akajifunika shuka.

Alhamisi, 26 Machi

Nimempima. Tumempima wote, lakini wenzangu walimpima kama mtu anayepimia mpenzi nguo.

Mwalimu alimuuliza kuhusu siku Bi Funguo alipodondosha funguo kwenye sufuria. Akasema hakuona, alisikia tu mlio. Kila swali jibu lake ni hilo: hakuona. Alikuwa amekaa nyuma ya ubao, juu ya kreti, anangoja zamu yake. Tukataka kujua ngazi ilikwenda wapi. "Haikwenda popote," akasema. "Vidato vichache halafu ubao. Mtu akipanda anainama hapo mpaka watu wamalize kucheka." Mama Mapazia akashika kifua. Mwalimu alitikisa kichwa muda mrefu, akasema siku zote alihisi ngazi ile ina siri.

Mimi nasema hivi: kwa mwongo, hakuna mahali pazuri pa kujificha kuzidi nyuma ya ubao. Hakuona, hivyo hakosei. Amechagua mtu pekee katika mchezo mzima asiyehitaji kujua chochote. Huyo si mjinga. Au kuna asiye mjinga anayemsaidia.

Jumatatu, 30 Machi

Mama amevaa gauni la bluu. Jumatatu!

Alhamisi, 2 Aprili

Baraza. Bwana Koti alipewa kiti karibu na feni. Kiti changu.

Jumatano, 8 Aprili

Umeme umekatika mtaa mzima tangu alasiri. Mvua na giza. Mke wangu yuko zamu. Tumekaa mimi na mama sebuleni na mshumaa mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mama alianza mwenyewe maneno.

"Unakumbuka umeme ulivyotukatikia sehemu ya mwisho?"

Nitasahauje? Nilikuwa na miaka tisa. Bi Funguo anauza nyumba, wapangaji wamebeba mizigo, na yeye anapanda ngazi kwenda kumuaga Wa Juu, jambo ambalo hajalifanya hata siku moja. Anaweka mkono kwenye kitasa. Giza, nyumbani kwetu tu! Nililia mpaka nikapaliwa. Baba akanipakata humo gizani, akaimalizia mwenyewe: Bi Funguo akafungua mlango, akakuta hakuna chumba, kuna paa, na paa zima limejaa miche ya nyanya, na Wa Juu amesimama katikati na ndoo yake, anamwagilia. Ndiyo maana alikuwa mkali na ndoo. Bi Funguo akala nyanya moja, akakataa kuuza nyumba.

Niliamini hivyo mpaka nimekuwa mtu mzima. Nilipoanzisha Baraza, nikawasimulia hivyo, wakanicheka wiki tatu. Walioona wote wanakubaliana: Bi Funguo hakufungua mlango. Aliacha kitasa, akashuka, watu wakaondoka, taa zikazimwa, na katika giza ile sauti ikauliza, "Jamani, mmekwenda wapi?" Basi. Mchezo wa kuchekesha ukaisha hivyo, na mtaa mzima ukaenda kulala bila kusemezana.

Nilimkumbusha mama kwamba mwisho ule wa baba ulikuwa wa kutungwa.

"Sisi ndio tuliouona," mama akasema. "Hao wengine shauri yao."

Nilifurahi kukaa naye. Naandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa halina uhusiano na uchunguzi.

Jumanne, 14 Aprili

Uchunguzi umepiga hatua. Bwana Koti alikuja kukaza tena mkono wa miwani. Nikamwambia anyooshe mkono nipime kitu, kitu ambacho hakipo, na mkono wa koti ukapanda. Kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko ana makovu ya moto, mistari mistari, mengine ya zamani, mengine yamepishana. Aliushusha mkono haraka.

Mwigizaji gani anaungua hivyo? Jela? Mafuta ya wizi? Nimemweleza mke wangu, na yeye kwa utaalamu wake akasema, "Mtu aliyeungua mara nyingi kidogo kidogo, mahali palepale. Hiyo ni kazi, bwana. Huyo alikuwa na kazi." Hakunisaidia.

Alhamisi, 16 Aprili

Barabara imejaa maji. Hatukukutana. Mama alitoka hata hivyo, na mwavuli.

Jumanne, 21 Aprili

Nimewaona kwa macho yangu.

Nilikwenda mjini kununua vioo. Mvua ilinikamata, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka la viatu. Mkabala na hapo ni jengo la ofisi, na ghorofa ya kwanza kuna mwanasheria, kibao chake kinasomeka mpaka ng'ambo. Mlango wa chini ukafunguka, akatoka mama yangu. Bwana Koti alikuwa anamngoja chini na mwavuli wetu wa mpini wa mbao. Mama akamshika mkono wakavuka dimbwi, na alikuwa amekumbatia mkoba ambao kwa kawaida hukaa chini ya kitanda chake. Najua kilicho ndani ya mkoba ule. Hati ya nyumba.

Sikuwaita. Nilisimama hapo nikitazama viatu dirishani mpaka mwenye duka akaniuliza navaa namba ngapi.

Nyumbani nilimuuliza mama ameshindaje.

"Salama," akasema. "Nimepumzika tu."

Mama yangu amenidanganya. Mama, ambaye alinichapa nikiwa na miaka sita kwa kusema sikulamba sukari.

Jumatano, 22 Aprili

Sikulala vizuri. Mke wangu ananiambia nimuulize mama waziwazi kama mtu mzima. Nimemwambia mtu akishalishwa maneno, kumuuliza ni kumwamsha tapeli. Akasema, "Unazungumza juu ya mama yako au juu ya simba?"

Jumapili, 26 Aprili

Nimepata.

Kuna kitu kimoja Wa Juu hawezi kusema hakukiona, kwa sababu alikisema yeye mwenyewe kwa mdomo wake, gizani, mwisho kabisa. Neno lake la mwisho. Kila mpenzi wa mchezo ule analijua. Mwenye sauti akilikosa, basi si yeye, na ubao wake hautamficha.

Alhamisi ijayo, mbele ya wote. Mbele ya mama.

Jumanne, 28 Aprili

Mama anaimba jikoni. Nimefunga mlango nisisikie.

Alhamisi, 30 Aprili

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Walikuja watu wengi kuliko kawaida, maana Mama Mapazia alikuwa ametangaza kwamba Wa Juu yuko hai na anakunywa chai dukani kwangu. Viti havikutosha. Bwana Koti alikuwa kitini kwangu, mama pembeni yake. Nikasubiri wacheke wamalize sehemu ya suti moja, ndipo nikasimama.

"Mzee wetu," nikasema, "sisi tulikuwa watoto, tunaomba utumalizie ubishi. Sehemu ya mwisho. Bi Funguo anapanda ngazi, anashika kitasa cha mlango wako. Ilikuwaje? Na wewe ulisema nini?"

Nilimwona mama akiinua kichwa. Bwana Koti hakubabaika hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Uso wake ulichangamka. Ulikuwa uso wa mtu aliyeulizwa, hatimaye, kitu anachokipenda.

"Alifungua mlango," akasema. "Kumbe hakuna chumba. Kuna paa, na paa limejaa nyanya, na mimi nipo katikati na ndoo yangu namwagilia. Nikamwambia, karibu. Akachuma moja, akala palepale, akasema nyumba haiuzwi."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha sehemu yoyote ya mchezo ule. Mwalimu alisema, "Hapana, hapana," taratibu, kama anayesahihisha ubaoni. Mama Mapazia alisimama na kidole juu. "Mwongo! Mzee mzima mwongo! Na chai yetu umekunywa!" Mtu nyuma akapaza sauti, "Nani kagusa ndoo yako, baba?" na duka likaangua.

Nilikuwa nimeshinda. Nilingojea furaha ije. Haikuja, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameshasikia kile ambacho akili ilikuwa bado haijakifikia. Nyanya zile ni za baba. Hazikuwahi kuwa kwenye televisheni yoyote. Alizitunga gizani, mtoto wake amempakata, na tuliokuwapo tulikuwa watatu, na mmoja tumemzika. Mimi sikumwambia mzee huyu, na Barazani hazijatajwa tangu zile wiki tatu nilizochekwa.

Mama aliweka ufumaji chini.

"Huyu hakudanganya mtu," akasema. Sauti yake si kubwa lakini walinyamaza. "Aliyewadanganya ni mimi. Nilimfundisha mimi, neno kwa neno. Mkitaka kuzomea, zomeeni huku."

Bwana Koti alisimama, akavaa kofia, akaniangalia. Nilitarajia hasira, nikakuta haya, haya ya mtu aliyekamatwa mahali alipokuwa amekaa kwa furaha. "Miwani inaona vizuri, fundi," akasema. "Asante." Akatoka mvuani. Mama akatoka nyuma yake bila mwavuli. Mwavuli uko hapa, mlangoni.

Ijumaa, 1 Mei

Mama alirudi usiku, akalala. Leo asubuhi aliniita jikoni. Mke wangu alikuwa ametoka zamu, akakaa nasi bado na sare yake.

"Uliza," mama akasema. "Miezi miwili unanizunguka kama paka. Uliza."

Nikauliza yeye ni nani.

"Mwoka mikate. Kiwanda cha nyuma ya soko, kile kilichofungwa. Zamu yake ilianza saa moja jioni, kila siku, mpaka amezeeka. Saa moja na nusu nyinyi mkicheka, yeye mikono imo kwenye tanuri. Kila Ijumaa asubuhi wenzake wa zamu ya mchana wanaangua kicheko, nani kagusa ndoo yangu, naye anacheka tu ili asionekane. Maisha yake yote. Anakuja kwako ana miaka sabini na mbili, anasema kweli, mnamweka mlangoni."

Nikasogeza kikombe changu pembeni.

"Aliporudisha mwavuli aliniuliza, huyo Bi Funguo ni nani? Nikaanza kumsimulia. Sofa. Suti. Mchumba aliyeahirisha harusi. Nikasimulia mchana wote, kesho yake akaja tena. Nilikuwa sijacheka tangu baba yako. Hata sikujua kama bado ninacheka, mwanangu. Nilidhani kicheko kilikwenda pamoja naye."

"Na kusema yeye ni Wa Juu?" akauliza mke wangu, na nina hakika alikuwa anazuia tabasamu.

"Mzaha wangu. Nilitaka apate kiti. Nikamwambia, wewe ndiye mtu pekee ambaye hakuona chochote, na Wa Juu naye hakuona chochote. Alikataa. Nilimbembeleza wiki nzima."

"Ulimpa nyanya za baba," nikasema. Lilinitoka hivyo.

Mama akavuta kiti karibu nami.

"Nilimpa nilichokuwa nacho. Mchezo nilioujua mimi unaishia hapo. Nilipomaliza alivua miwani akalia, akasema mume wako alikuwa mtu mzuri. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kusema hivyo kwa sababu ya nyanya. Wewe ulikuja kutoka Barazani siku ile ukaniambia baba alikuwa amekosea."

Nililiuliza la mwisho, kwa sababu mimi ni mimi. Nikamuuliza kuhusu mwanasheria.

Mama akacheka, lakini si kile kicheko.

"Ulituona? Nilikwenda kuandikisha nyumba kwa jina lako. Yeye ndiye aliyesema. Alisema, kijana wako ananiangalia kama ninayebeba ukuta, bora umpe chake atulie. Nilitaka nikwambie siku ya furaha."

Mke wangu alinishika bega. Kwa mara ya kwanza nilitamani anitanie.

Jumamosi, 2 Mei

Sikufungua duka.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda kwake. Vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, safi, na ndani kunanukia mkate, maana bado anaoka mmoja kila asubuhi, kwa mazoea. Hakuwa na koti. Aliona naangalia mikono yake, hakuificha.

"Trei," akasema. "Ukiwa na haraka, mlango wa tanuri unakubusu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, yakapotea. Nikasema nimekosa, na kwamba nilidhani anataka nyumba.

"Ulikuwa na haki ya kudhani. Mama ni wako."

Nikamwambia kanuni ya kiti nimeifuta. Akanishukuru, lakini akasema Barazani hatarudi. "Si kwa hasira, mwanangu. Wale watu wanaujua mchezo kuliko mimi. Mimi nitabaki na wa mama yako."

Alinifungia mkate nije nao. Nilikula kipande njiani. Ni mkate mzuri, na sikupata cha kuushuku.

Alhamisi, 7 Mei

Baraza. Watu wanne. Mwalimu alianza kuhusu saa ya ukutani, akaishia kutazama saa yake ya mkononi.

Jumapili, 10 Mei

Mama ametuambia yeye na mzee wataoana Jumamosi, mbele ya msajili, watu wachache. Nikasema vizuri, nikasema tutapaka rangi kile chumba cha mbele, kina mwanga, Bwana Koti, namaanisha mzee, atakipenda. Nilikuwa nimeshaanza kukipima kwa macho.

"Hatukai hapa," mama akasema.

Nikamwambia nyumba ni yake, karatasi ziwe na jina la yeyote. Nikamwambia vyumba viwili nyuma ya karakana havimfai mtu wa umri wake, paa linavuja, nimeliona. Nilisema mengi. Alinisikiliza yote huku akikunja nguo zake, na alipomaliza kukunja akanijibu bila ukali.

"Nyumba hii umeilinda sana, mwanangu. Mtu hawezi kula kwa raha chini ya mlinzi."

Ningependa kuandika kwamba nilimwelewa. Nilitoka nje nikasimama mvuani, nikalia kama mtoto. Mvua yenyewe ilikuwa ya rasharasha tu, hata haikunificha.

Jumamosi, 16 Mei

Wameoana. Mzee alivaa shati la mikono mifupi. Nilitia saini kama shahidi.

Jumapili, 17 Mei

Nimebeba sanduku la mama mpaka kwenye gari. Moja tu, jepesi. Nikamwambia televisheni ni yake, nimeshaifungia kwenye boksi.

"Baki nayo," akasema. "Sisi hatuna haja. Mimi namsimulia."

Alinishika shavu kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akaingia ndani ya gari, na kabla halijafika kona nilikuwa nimeshaona kichwa chake kimemgeukia mzee, mkono umeinuka, anaeleza jambo. Mzee alikuwa tayari anacheka.

Jumatano, 20 Mei

Hakuna mvua. Jirani amerudisha pipa la taka mahali pake. Sikumwambia mke wangu.

Ijumaa, 22 Mei

Mke wangu yuko zamu. Nimezunguka kabla ya kulala kama kawaida yangu: mlango wa mbele, mlango wa nyuma, madirisha, vyumba vyote vinne. Kila kitu kimefungwa vizuri. Nyumba iko salama, hakuna aliyeichukua.